Nakubali Kabisa

Kitu cha kwanza alichokiona ni sakafu. Alikuwa amemaliza kudeki korido ya ghorofa ya kwanza, amejibanza ukutani na dekio lake akingoja pakauke, mlango wa chumba cha mihadhara ukafunguliwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakatoka. Siku nyingine angenuna kimoyomoyo, maana viatu vya watu wa uhandisi wa ujenzi hubeba vumbi la uwanja mzima. Safari hii walipita wote, wakicheka na kusukumana, na sakafu ikabaki inang'aa vilevile, haina alama hata moja.

Aliinama kutazama. Miguu yao ilikuwa juu ya sakafu kwa kiasi cha unene wa kidole. Walitembea kama watu wote wanavyotembea, kisigino kwanza kisha vidole, ila walichokuwa wanakanyaga ni hewa. Nyuma kabisa alikuwa kaka yake. Kaka alimwinulia nyusi, naye akajibu kwa nyusi. Viatu vya kaka, ambavyo yeye mwenyewe alivipaka rangi asubuhi, navyo havikugusa chini.

Akabeba ndoo, akaenda kudeki ngazi.

Hayo ya nyusi waliyapanga siku alipopata kazi ya usafi katika jengo lile. Kaka hakuwa na roho mbaya. Alisema tu kwamba watu wana maneno, si vizuri kuitana kaka na dada mbele ya wenzake. Yeye, ambaye tangu utotoni alikuwa anaona haya hata ya kutazamwa na mbuzi, alisema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Wafanyakazi wenzake walimpa jina la Dada Sawa, na hata hilo alipoambiwa alijibu hivyohivyo.

Baba yao alipofariki walikuwa shule moja, kaka darasa la sita, yeye la tano. Mama aliwaketisha kitandani, akawatazama kwa zamu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha akasema hana nguvu ya kusomesha wawili. Mmoja atasoma kwa niaba ya wote. Akamtaja kaka. Yeye akasema sawa, akaenda kufua soksi nyeupe ambazo hazikuwa na kazi tena. Tangu hapo aliihesabu elimu ya kaka kuwa ni yake pia, imewekwa tu kwa mtu mwingine. Kaka alipofaulu mtihani, yeye ndiye aliyekosa usingizi kwa furaha. Kaka alipoingia chuo, alijihisi amerefuka. Kwa hiyo ile hewa chini ya viatu ilimhusu.

Mwisho wa korido palikuwa na maabara, na mlangoni pa maabara aliketi fundi wa maabara, mzee mnene mwenye mizaha, funguo zikimning'inia kiunoni.

"Mjomba, wamefanya nini mle ndani?" alimwuliza.

"Wamejaza dodoso. Wakaguzi wanakuja, idara inatafuta ithibati. Sasa wanafunzi wanaulizwa wamejifunza nini. Wanapewa sentensi, wanachagua. Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa."

"Sentensi gani?"

"Ya kwanza ni hii: ninaweza kupima uimara wa zege."

Wote wawili waligeuza macho ndani ya maabara. Mashine ya kupimia zege ilikuwa imesimama katikati, imefunikwa turubai. Ilikuja na waya pungufu, miaka mingi kabla ya kaka kuingia chuoni, na haikuwahi kuwashwa. Wanafunzi walisomeshwa kwa picha yake iliyoangazwa ukutani, katika chumba kinachopakana na maabara, yaani mashine yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta uleule.

"Na nani anaangalia kama wanasema kweli?"

"Wanajisemea wenyewe. Nani akujue kuliko wewe?" Fundi aliwatazama vijana wakishuka ngazi bila kishindo. "Heri yao. Hawatajikwaa kidole tena. Imebaki ulimi."

"Mbona wewe uko chini, mjomba?"

"Mimi hakuna aliyeniuliza kitu, mwanangu. Na ninachojua ni kufungua mlango na kuufunga. Tena hilo la kufungua limeanza kunitoka."

Nyumbani jioni, kaka alikula huku ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja ili kiti kisimwache. Mama alimwona.

"Umekuwa mwepesi," mama alisema. "Kusoma kunachosha. Ongeza chakula."

Mama alipokwenda chumbani kwake, Dada Sawa alimsogelea kaka.

"Umejaza nini leo?"

"Nakubali kabisa."

"Zote?"

"Zote. Wote tumejaza hivyo."

"Hata ile ya zege?"

"Dada, ile mashine naijua. Nikiiona popote naitambua."

Kutoka chumbani mama aliita kwamba ufa umenenepa. Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda juu ya kitanda chake hadi kwenye dari, na sasa ulikuwa unameza kidole cha shahada. Jirani alikuwa amemshauri aite mwashi, asipoziba ufa atajenga ukuta. Mama alimjibu kwamba hawezi kumpa mtu baki kazi hiyo wakati ana injinia aliyemzaa mwenyewe. Angoje kijana ahitimu, atautazama. Kwa hiyo mama alikuwa analala chini ya ufa na kungoja.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha idara. Dada Sawa alikuwa anafuta madirisha ya chumba cha mikutano, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, hakuna aliyemwambia atoke.

"Kuna taarifa kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawagusi chini," mkuu wa idara alisema.

"Ni taarifa au ni takwimu?" mhadhiri mmoja aliuliza.

"Ni taarifa."

"Basi tukusanye takwimu."

Walikubaliana kuongeza sentensi moja kwenye dodoso: miguu yangu inagusa sakafu. Wanafunzi waliitwa tena, wakajaza, na karibu wote walikubali kabisa. Walipotoka mlangoni iliwabidi wainamishe vichwa, kwa sababu nyayo zao zilikuwa usawa wa kiuno cha Dada Sawa. Mkuu wa idara alibandika matokeo ukutani, grafu yenye nguzo moja ndefu na vijiti vidogo pembeni. Suala la miguu likafungwa. Kwa tahadhari tu, madirisha yalifungwa pia, na kila mwanafunzi akaelekezwa kubeba tofali kwenye mkoba. Msimamizi wa usafi aliona korido haichafuki, akapunguza sabuni.

Aliyebaki chini alikuwa mmoja, msichana aliyeitwa Rula kwa sababu ya rula ya chuma aliyotembea nayo, ambaye siku ya dodoso la kwanza hakuwapo. Dodoso halikuandikwa jina, ila haikuwa kazi kumpata. Ndiye pekee aliyekuwa anasikika akitembea. Aliitwa ofisini kwa mkuu wa idara, na mlango uliachwa wazi.

"Mwanangu, hii ya zege umeandika sikubali."

"Ndiyo, mwalimu. Sijawahi kupima."

"Unataka wenzako wanyimwe shahada?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi dodoso lako limeharibika. Jaza jingine."

Alijaza jingine, nalo likaharibika. Aliitwa siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Wenzake walianza kumpita juu kichwani bila kumsalimu, na mmoja alimwuliza kama anaona raha kuwaangusha watu. Mwishowe Rula alitoka ofisini amekumbatia rula yake, akiwa juu kuliko wote, maana alichokiandika alikuwa anajua kabisa kwamba si kweli. Alikuwa analia. Machozi yalichukua muda kufika chini. Dada Sawa alikuja na dekio akayafuta, shingo ikimuuma kwa kutazama juu.

Siku hiyo ndipo alipojaribu. Kaka alipopita, Dada Sawa aliacha ule mpango wa nyusi, akamshika upindo wa suruali.

"Kaka, rudi ukajaze upya. Sema hujui. Wakuonyeshe ile mashine, hata ikiwa mbovu wakuonyeshe kwa mkono."

Kaka alitazama huku na huku kama kuna anayesikia.

"Umeona walivyomfanya Rula?"

"Nimeona."

"Na umeona alivyoishia?"

Hilo nalo alikuwa ameliona. Aliachia suruali, kaka akaelea akaenda zake.

Wakaguzi walikuja asubuhi ya jua kali. Mkaguzi mkuu alishushwa garini na dereva aliyekuwa amemshika pindo la koti, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa siku nyingi katika kazi hiyo na madodoso aliyoyajaza hayana idadi. Hakuhitaji ngazi. Aliingia kwa roshani ya ghorofa ya kwanza, akajishika kwenye fremu ya mlango na kuomba maji. Dada Sawa alimpelekea glasi kwa kupanda juu ya kiti.

"Maabara iko wapi?" mkaguzi aliuliza, akifungua ripoti ya idara.

"Ukurasa unaofuata," alijibu mkuu wa idara.

Mkaguzi alifungua ukurasa unaofuata. Palikuwa na picha ya mashine, na chini yake grafu ya wanaoweza kuitumia. Aliitazama kwa kuridhika. Alisema amezunguka vyuo vingi, na ni nadra kukuta wanafunzi walioinuka kiasi hiki. Nyuma ya ukuta, fundi wa maabara alikuwa amesinzia juu ya kiti chake, funguo zimelala mapajani.

Ithibati ikatolewa.

Siku ya mahafali, mama alikuwa hoi kwa furaha. Wahitimu walipangwa hewani kwa safu, majoho yakipepea, na wazazi wakaelekezwa wakae mbali kidogo ili waone vizuri. Kaka alipotajwa jina, mama alisimama akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Dada Sawa alipiga makofi. Alijaribu kuiona sehemu yake katika lile joho, kama alivyozoea kufanya tangu utoto, akatazama sana.

Walimrudisha kaka nyumbani wakimshika mikono, mmoja huku na mwingine huku. Mama hakumpa nafasi hata ya kuvua joho.

"Haya, injinia wangu. Mvua zinakaribia. Nitazamie ule ufa." Alimsukumia chumbani, kisha akakumbuka jiko, akakimbia kwenda kuepua chungu.

Kaka alipanda hadi usawa wa ufa. Alipitisha kidole kutoka dirishani mpaka darini. Aligonga ukuta, akaweka sikio. Alifanya yote ambayo mtu hufanya anapotazamwa. Dada Sawa alisimama karibu na kitanda, akangoja.

"Sijui," kaka alisema kwa sauti ndogo.

"Hujui nini?"

"Sijui kama utaanguka. Sijui kama ni ufa wa lipu au wa ukuta wenyewe. Sijui hata mtu anaanzia wapi kutazama."

Alivyokuwa anasema hayo alikuwa anashuka, polepole, kama vumbi baada ya gari kupita. Viatu vyake vikagusa sakafu. Vilitoa mlio, na Dada Sawa alishtuka kidogo, maana ilikuwa muda mrefu hajamsikia kaka yake akikanyaga. Walikuwa wanatazamana macho kwa macho. Kaka alikuwa mfupi kuliko alivyomkumbuka.

"Basi tumwambie mama," Dada Sawa alisema. "Tumwite mwashi."

"Tumwambie," kaka alikubali.

Mama alirudi na mwiko mkononi, mvuke bado unamtoka usoni. Alisimama mlangoni akimtazama mwanawe katika joho lake.

"Haya, unasemaje?"

Kaka alimtazama mama, akautazama ufa. Kisha akamtazama mama tena.

"Uko salama, mama. Wewe lala tu."

Alipanda kwa ghafla kuliko siku zote. Kichwa chake kiligonga dari, na vumbi la chokaa likamwagika juu ya mto wa mama. Mama aliupangusa mto, akaupiga mara mbili, akaurudisha mahali pake chini ya ufa. Alimshukuru Mungu. Akasema anakwenda kumwambia jirani kwamba yale mambo ya mwashi ayaache, injinia ameshasema, na wakamsikia akivuka ua huku akiimba.

Dada Sawa alibaki anatazama nyayo za viatu juu ya kichwa chake.

"Usimwambie," kaka alisema kutoka darini. "Ukimwambia utamuua. Amengoja miaka yote hii. Umesikia? Tuache hivi hivi. Sawa?"

Alifungua mdomo, na lile neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, kama kawaida yake. Akalimeza.

"Kaka," alisema, "siku ile mama anachagua, mimi nilikuwa naomba akuachishe shule wewe."