Safu ya Tatu

Fomu ilikuwa na safu mbili tu: Yupo na Hayupo. Kila asubuhi mfanya usafi wa bweni alitakiwa kugonga milango kumi na mmoja iliyobaki na watu ghorofa ya tatu, asikie sauti, atie alama ya vema, aende zake. Agizo la matroni lilikuwa fupi: usiingie, usipige soga, maradhi haya hayana masihara. Chuo kilikuwa kimefungwa wiki ya saba sasa, na waliobaki ni wale waliokwama, mipaka ya kwao nayo ikiwa imefungwa.

Wanafunzi walimwita Mama Deki, kwa jinsi alivyopiga deki utadhani sakafu imemtukana. Aliyemtania zaidi ni Injinia wa chumba cha kumi na nne, kijana wa mwaka wa tatu asiyeweza kuona kitu kimepinda akanyamaza. Kila siku jibu lake lilikuwa, "Nipo, Mama Deki, na ndoo yako imekaa upande, itakuangusha."

Asubuhi hiyo alijibu, "Nipo nipo tu."

Kalamu ikasimama. Mwingine angetia vema, maana aliyejibu yupo. Lakini Mama Deki aliyajua maneno hayo. Mdogo wake wa mwisho aliwahi kumjibu vivyo hivyo kwenye simu, nipo nipo tu, dada, naye akacheka, akasema sote tuko hivyo siku hizi, akarudi kwenye nguo zake za kufua. Wiki hiyohiyo mdogo wake alijiua. Tangu hapo alikuwa na hasira asiyojua pa kuitua.

Akageuza ndoo, akaikalia. "Fungua, mwanangu. Barakoa ninayo, nami nakaa hukuhuku nje."

Mlango ukafunguka. Injinia alikuwa sakafuni, nywele timtim, macho mekundu.

"Nakuuliza, usinifiche. Unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema. "Tangu juzi sifikirii kingine."

Matroni, aliyekuwa anapanda ngazi, alisikia yote. "Mama, unamuuliza nini mtoto wa watu? Utamtia wazo kichwani."

"Wazo analo. Alichokosa ni wa kumwambia."

"Basi tia vema ushuke. Mshauri nasaha siku hizi anapatikana kwa simu tu, nitamwachia ujumbe."

"Ujumbe sitaki. Namtaka yeye, aje na miguu yake. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila barua utaniletea hapahapa kwenye ndoo."

Kisha akaweka fomu gotini, akachora mstari wa mkono pembeni ya safu ya pili. Juu yake akaandika: Yupo yupo tu. Akatia vema kwenye namba kumi na nne, akamnyooshea matroni. Matroni aliisoma, akaisoma tena, akatoa simu mfukoni.

Walipokuwa wanasubiri, Injinia alisema bila kuulizwa, "Mtandao ulikatika katikati ya mtihani. Wakaniandika sikuwepo. Mwaka mzima umekwenda na maji. Nilikuwepo, Mama Deki."

"Najua. Nilikuwa napiga deki hapa nje, nikakusikia unavyoitukana hiyo kompyuta. Nitakwenda kuwaambia hukohuko ofisini kwao, na matusi nitawarudia moja moja."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Injinia alitabasamu, kidogo sana, kisha akalia kwa sauti. Mama Deki hakumnyamazisha.

Mshauri nasaha alifika kabla ya saa sita, akaketi mlangoni na kuzungumza na Injinia kwa muda mrefu. Wakampigia dada yake simu. Wakakubaliana asilale peke yake, wala asiachwe peke yake hata mchana. Wakati huo matroni alikwenda kugonga milango mingine, safari hii akiuliza. Aliporudi, safu ya tatu ilikuwa na vema tatu zaidi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimekuwa nikizipokea hizi fomu wiki saba," akasema.

Mama Deki akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Dawa ya sakafu hii," akasema, ingawa siku hiyo hakuwa amepiga deki hata kidogo.

Injinia aliiomba fomu, akaitazama kwa muda.

"Mstari wako umepinda."

"Sina rula."

"Mimi ninayo." Akamrudishia. "Kesho uilete mapema, niuchore upya."