Naonja, Namwaga

Jua la asubuhi limepita katikati ya chupa zako, mume wangu, likaangusha ukutani rangi ya asali. Chupa saba zimesimama kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, na ukuta mzima mbele yangu unawaka njano, unatikisika kidogo kila pazia linapopumua. Unapendeza. Niseme uongo? Unapendeza, na mimi nimesimama mbele yake na kijiko mkononi.

Wewe umelala chumba cha pili, dirisha limefungwa, maana unasema mwanga unakuumiza macho. Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Nasikia kila pumzi unayoivuta. Jana daktari hakuzunguka maneno. Alinitazama mimi, si wewe, akasema ini la mjukuu wangu, wewe ninayekuita mume kwa utani, limechoka kuvumilia, na akinywa glasi moja zaidi nisihangaike kukodi gari la kumrudisha hospitalini.

Basi leo namwaga. Lakini siwezi kumwaga nisichokijua. Nimepika shuleni miaka ishirini na tisa, masufuria ya watoto mia nne, na sijawahi kumwaga hata mchuzi ulioungua bila kuuonja kwanza. Nataka kujua ni nini kilichokuchukua. Tone la kijiko, kiganja, ulimi. Naonja, namwaga.

Daftari lako liko mezani. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole, neno likinishinda naliruka kisha nalirudia. Kila wiski umeipa ukurasa wake: inavyonukia, inavyokaa mdomoni, inavyoaga kooni. Chini kabisa umepiga mstari ukaandika Thamani.

Ya kwanza ni ile ya mfuniko mwekundu. Umeandika: nafaka, ganda la ndimu, kali mbele, nyuma hakuna kitu, thamani yake ni ya kuchanganyia soda. Nikaiweka ulimini. Kweli kabisa, kali mbele na nyuma hakuna kitu. Nikamkumbuka shemeji yangu mmoja. Naonja, namwaga. Sinki likaimeza likakoroma.

Ya pili ni ya mahindi. Umeandika pipa lake lilikuwa jipya, likachomwa moto ndani, ndiyo maana ina ndizi iliyoiva kupita kiasi na sukari ya kuungua, ile ya bibi. Hapo kidole kikakwama. Ile ya bibi. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikidhani nimesoma vibaya, kama kawaida yangu. Sikusoma vibaya. Nikaonja, na kweli, ilikuwa ile sukari niliyokuwa nikiiyeyusha kwenye kikaango mpaka igeuke rangi, wewe umening'inia kwenye gauni langu ukingoja kulamba mwiko.

Naonja, namwaga.

Ya tatu ina moshi. Umeandika: kuni mbichi, jiko la shule siku ya mvua. Ah, mume wangu. Jiko hilo nililipuliza mimi mpaka machozi yakanitoka. Wewe ulikaa juu ya gunia la unga, miguu haifiki chini, kwa kuwa mama yako alikuwa amekwisha kuzikwa na mimi sikuwa na mtu wa kukuachia. Ili usilie nikakubunia mchezo. Nilikufunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakuwekea kijiko mdomoni. Haya, sema. Iliki. Sema. Karafuu, na umeitia kabla ya chumvi, bibi. Kijiko cha mwisho siku zote kilikuwa maji, na hata maji uliyajua: haya ya bomba, haya ya mtungi, haya yamechemka yakapoa.

Wapishi wenzangu wakakuita Ulimi. Nami nikavimba kichwa. Kila mgeni aliyepita jikoni nilikutoa mbele yake kama mtu anavyotoa sahani yake nzuri kabatini. Na siku mwenye duka la vinywaji alipotafuta mtu wa kuwaelezea wateja tofauti ya chupa na chupa, nani alikushika mkono akakupeleka? Ulikuwa umeshaota ndevu, ukasema, bibi, mimi sinywi. Nikakwambia kuonja si kunywa. Nilisimama pale kaunta, nikamwambia yule bwana, mjaribu huyu. Ukafumba macho. Ukanywa. Ukataja. Yule bwana akapiga makofi, na mimi, mjinga mimi, nikapiga naye.

"Mke wangu." Sauti yako ikaja kutoka chumbani, imekauka kama kuni. "Hiyo ni ya moshi. Imenifikia huku."

Nikajibu kwamba ndiyo hiyo.

"Mke gani anaacha mumewe na kiu, ananywesha sinki?"

"Aliyekwisha kuzika mume mmoja," nikakwambia. "Hataki kumzika wa pili."

Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nikashika ukingo wa meza mpaka kilipokwisha.

Kwenye ukurasa wa ile ya moshi umeandika thamani yake ni sawa na pikipiki iliyotumika. Sivyo. Mimi nilikuwepo. Thamani yake ni mkeo wa ndoa, aliyesimama mlango huu huu na mtoto mgongoni, akanishika mikono miwili akasema, bibi, mimi na wewe hatuna ugomvi. Akaenda. Wewe ulikuwa mezani, pua iko ndani ya glasi, unatafuta neno la kuuelezea moshi.

Naonja, namwaga.

Ya nne na ya tano sina la kusema. Moja ilikuwa kama dawa ya viatu na moja kama biskuti iliyokaa mfukoni. Umezisifu kurasa mbili nzima, neno kwa neno, na mimi nikawaza barua ngapi hukumwandikia mwanao kwa maneno hayo.

Kisha ya sita.

Umeandika: pipa hili kwanza lililaza mvinyo mtamu miaka mingi. Zabibu kavu, karafuu moja tu, mbao ya kabati la bibi, haina mwisho. Nikadondosha tone kiganjani. Nikalamba. Nikangoja liishe, halikuisha. Lilifunguka kama kabati lile lile, zikatoka nguo za mama yako nilizozikunja, ikatoka sabuni, ikatoka Jumapili moja wote tuko hai. Nikajaza kijiko. Nikarudia. Mara ya tatu sikutumia kiganja wala kijiko, niliinua chupa. Tangu daktari aseme, hiyo ndiyo dakika ya kwanza sikuogopa kitu.

Ndipo nikaelewa, na kuelewa huko kukanivunja. Nilikuja kumtafuta mwizi, nikamkuta ni mtu wa nyumbani. Laiti ingekuwa mbaya, mume wangu. Laiti ningetema. Ningekuja kitandani kwako na hasira yangu mkononi, nikuulize unafia uchungu gani. Sasa nikuulize nini? Unakunywa jiko langu. Unakunywa kabati langu. Umenitafuta kwenye kila chupa, nami nipo chumba cha pili, napika, nakuita mezani, chakula kinapoa.

Nikafumba macho, nikaigeuza ile chupa juu ya sinki, nikaisikia ikishuka. Naonja, namwaga. Mkono mmoja ulinishika mkono, na yote miwili ilikuwa yangu.

Imebaki ya saba. Hii haijafunguliwa, lakiri iko juu yake nzima, nyekundu. Ukurasa wake mtupu. Hakuna harufu, hakuna koo. Ila chini, penye mstari, umeandika: Ya siku nitakayoacha.

Nikaja nayo mlangoni kwako. Giza la chumba na harufu ya jasho, na wewe umegeukia ukuta.

"Hiyo usiimwage, bibi," ukasema, hata sijatamka. "Nakuomba. Kijiko kimoja. Sitaki kulewa, nataka kujaza ukurasa tu. Halafu basi."

Kijiko kimoja. Sauti ilikuwa ile ya juu ya gunia la unga. Nikasimama, na kila kilichonilea na kila nilichokilea kikaniambia, mpe. Mtoto anaomba, mpe.

Nikafungua kitambaa kichwani mwangu. Nikakufunga macho gizani, huku nikipapasa, kama zamani. Ukatulia. Ukafungua mdomo kabla sijakuambia. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikakuwekea kijiko.

Ukakishikilia mdomoni muda mrefu. Nje mtu akapita akiburuta kandambili, akapotea, na wewe bado hujameza.

"Maji," ukasema. "Ya birika. Birika halijasuguliwa ndani."

"Ndiyo."

"Umenidanganya, bibi."

"Sikukudanganya. Cha mwisho ni maji siku zote."

Machozi yalishuka chini ya kitambaa, nikayaona kwa kidole si kwa macho. Nikarudi jikoni, maana ningekaa hapo dakika moja zaidi ningeivunja lakiri kwa meno yangu nikakupa.

Niliivunja kwa kisu, juu ya sinki. Na hii, mume wangu, hii sikuionja. Ni kitu cha kwanza maishani mwangu kukimwaga bila kukionja. Niliogopa. Wewe umeshajua ladha hizi zinakwenda wapi, na mimi nimeanza kujua.

Kitanda kikalia. Nikasikia nyayo, kiganja kikiburuzika ukutani, pumzi, nyayo tena. Ukasimama mlango wa jikoni, kitambaa changu shingoni, macho umeyafumba kwa sababu ya jua. Wiski ilikuwa bado inashuka. Pua yako ikainuka.

"Peasi," ukasema polepole. "Nta. Na kitu kama..." Chupa ikatoa matone yake ya mwisho, moja, na jingine, na kimya.

"Kama nini?"

"Sijui, bibi. Hicho sikijui."

Nikaiweka chupa dirishani pamoja na wenzake. Saba, zote tupu, nyeupe. Nyuma yangu ukuta umerudi kuwa ukuta tu, chokaa na ufa wake wa zamani. Ile rangi ya asali haipo. Nikashusha pumzi. Nikakuuliza, kwa utani, kama mwalimu anayemaliza somo, "Haya, na thamani yake?"

Ukafungua macho unijibu.

Tangu jana nilikuwa sijayaona kwenye mwanga. Mume wangu, ile rangi haikwenda popote. Ilihama ukutani. Iko humo, kwenye weupe wa macho yako, yote mawili, inawaka, inatikisika, asali tupu, na jua linaipiga vizuri. Kijiko ninacho mkononi. Sinki liko wazi. Na hiyo, hiyo sijui naimwagia wapi.