Hiyo ni Mikate

Mlima ulimshinda tena, na safari hii mbele ya watu. Wenzake wa klabu ya baiskeli walikuwa wameshafika juu, wameketi ukingoni mwa barabara wakinywa maji, na yeye bado yuko kwenye kona ya mwisho, anakanyaga pedali kama anayekanyaga tope. Alipofika hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka.

Mtaani wanamwita Chuma. Jina hilo alipewa na akina mama wa tanuri katika kiwanda cha mikate anakofanya kazi ya kusambaza, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema amechoka. Kabla jua halijachomoza huwa ameshapakia makreti mbele na nyuma ya baiskeli kubwa nyeusi, na mji unapoamka yeye ameshaupita nusu, duka hadi duka, kilima hadi kilima. Jina lile alilipenda, tena sana. Alitembea nalo kama mtu anavyotembea na kiatu kipya.

"Chuma, hebu njoo," Kocha alimwita.

Kocha alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye imani kubwa na kompyuta yake, ambayo hata mlimani hakuiacha. Alikuwa ameifungua juu ya boneti ya gari. Klabu ilimpa kila mchezaji mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, pedali zinazopima nguvu ya miguu kwa wati, na saa ya mkononi ya kukusanya yote hayo. Kutokana na hayo kompyuta ilichora mistari miwili. Wa buluu ulionyesha mwili unavyoiva kwa mazoezi, nao hupanda taratibu. Mwekundu ulikuwa wa uchovu, huo huruka juu upesi na kushuka mtu akipumzika.

"Mstari wako mwekundu uko chini kabisa," alisema. "Kwa hesabu hii, wewe umepumzika kuliko wote hapa. Lakini wati zinashuka, na mapigo hayapandi hata ukijikaza." Akakuna kidevu. "Kuna mazoezi mengine unafanya pembeni?"

"Hapana, Kocha. Sina."

"Basi sijui niseme nini. Labda moyo wenyewe haumo tena."

Aliyasema kwa upole, na upole ndio uliochoma. Jumapili iliyokuwa inakuja kungekuwa na majaribio kwenye mlima huo huo, na nafasi katika timu ya mashindano makubwa ilikuwa imebaki moja tu. Chuma alirudi nyumbani amekaza meno. Kuambiwa umeshindwa, sawa. Lakini moyo haumo? Yeye?

"Wewe!" Mumewe, fundi cherehani, alipohadithiwa aliinua uso kutoka kwenye suruali ya mteja. "Huyo Kocha wako akapimwe macho."

Asubuhi yake, makreti yakiwa yameshapakiwa, pedali ya ile baiskeli nyeusi ikakatika. Chuma alikimbia nyumbani, akafungua pedali za klabu kwenye baiskeli yake ya mbio, akaja kuzifunga kwenye ya kazi. Kwa haraka ile akavaa na mkanda kabisa, ili baadaye asipoteze muda kabla ya mazoezi. Saa aliibonyeza kwa mazoea tu, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Jioni Kocha aliunganisha ile saa na kompyuta. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Mstari mwekundu ulikuwa umeruka kama uliochomwa sindano.

"Saa yako imeharibika," alisema. "Tazama, vilima hivi vyote, mzigo huu wote, halafu ndiyo umekuja mazoezini. Hii ni nini?"

Chuma akainama kutazama. Alizitambua zile ncha moja moja: kilima cha hospitali, kilima cha shule, daraja la reli.

"Hiyo ni mikate," alisema.

"Mikate gani?"

"Ya kazini. Ile ninayosambaza."

"Si nilikuuliza kama una mazoezi mengine?"

"Sina, Kocha. Nina kazi."

Kocha alimtazama, akautazama mchoro, kisha akacheka hadi akaegemea gari. Kicheko kilipomwisha, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Kila siku hivi?"

"Jumapili tu ndiyo sipeleki."

"Na mimi nakuongezea mazoezi nikidhani asubuhi umelala! Moyo ukichoka namna hii unagoma kupanda, hata mwenyewe utake vipi. Nilikosea kusema vile, dada. Nisamehe." Akafunga kompyuta. "Sasa, mpaka Jumapili hakuna mikate."

"Haiwezekani. Mimi sijawahi kukosa. Mimi ni..."

"Chuma, najua. Fremu ngapi za chuma umeziona zimekatika bila kugongwa na kitu? Zilichoka."

Nafasi ile aliitaka kwa roho yake yote, lakini kwenda kwa akina mama wa tanuri na kutamka neno ambalo halijapata kumtoka kinywani! Heri angeambiwa aupande mlima mara mbili. Mwishowe alilitamka, macho kwenye sakafu yenye unga.

"Nimechoka."

Akina mama wakatazamana. "Kumbe na wewe ni mtu!" akasema mkubwa wao, akampa mkate wa moto mkononi. "Haya, nenda kapumzike, mwanangu."

Zamu aliichukua mumewe. "Kwani mimi sikanyagi pedali kutwa?" alijigamba. "Tofauti ni kwamba cherehani haiendi popote." Akina mama walitoka nje kumtazama. "Shemeji, shikilia! Shemeji, breki!" Alirudi shati limelowa, akajitupa kwenye kiti, na ilipita muda kabla hajapata pumzi ya kusema.

"Mke wangu, hii ndiyo kazi unayorudi nayo kila siku huku unaimba?"

Chuma alikuwa ameweka miguu juu ya kigoda, amechoshwa na kupumzika. Fahari ikamjaa kifuani. Miaka yote alijivunia kutochoka, na leo, kwa mara ya kwanza, alijivunia kile kilichomchosha.

Jumapili aliuita moyo, nao ukaitika. Ulipanda naye kutoka chini, pigo kwa pigo, na miguu ikawa myepesi kana kwamba makreti yameshushwa njiani. Kwenye kona ya mwisho aliwapita wenzake wawili waliobaki mbele. Hakuitazama saa. Juu, kompyuta ilikuwa imefungwa, na Kocha amesimama mikono kichwani, jezi ya timu ikining'inia begani.

Jumatatu, kabla ya mapambazuko, mumewe, akiwa bado anachechemea, aliuchukua mkanda wa kifuani akamfunga Chuma kwa nyuma, akapitisha kidole kuhakikisha haubani, kama afanyavyo kwa nguo ya mteja. Ukutani ilibandikwa ratiba mpya ya Kocha, na neno la kwanza la kila siku lilikuwa Mikate.

"Leo ni mazoezi au kazi?" mumewe aliuliza.

Chuma alicheka, akabonyeza saa, ikalia. Akaisukuma baiskeli nyeusi hadi barabarani, akapanda. Fundi alibaki mlangoni akiitazama taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli ikipanda kilima, taratibu, bila kusimama.