Bega Lililopigwa Picha Bila Dawa

Gurudumu la tatu la asubuhi hiyo lilimshinda fundi tairi. Alilisimamisha, akalikumbatia alipachike kwenye lori, mkono wa kulia ukagoma njiani na gurudumu likalala chini, msimamizi akitazama. Msimamizi hakugomba. Alimkumbusha tu kwamba fomu ya kuthibitisha kwamba amepona inamngoja ofisi ya bima. Asipoisaini leo, kesho asijisumbue kuja.

Asaini kitu gani? Fomu ilisema bega lake ni zima. Miezi minne havai shati bila kusaidiwa na mkewe, halafu karatasi inamwambia hana tatizo!

Daktari wa mifupa alikuwa ameandika apigwe picha ya MRI yenye dawa. Dawa inadungwa ndani ya kiungo, inakijaza, inapenya penye mpasuko, na hapo mashine inauona. Si kila kiungo kinahitaji hivyo, alimweleza, lakini mpasuko mdogo wa bega unaweza kujificha kwenye picha ya kawaida. Bima wakafuta "yenye dawa" kwa kalamu nyekundu, wakalipia ya kawaida. Picha ikatoka safi. Ingeacha vipi?

Fundi aliingia kwa karani wa bima na nguo zake za grisi, tyubu ya tairi imekunjwa kwapani. Akaiweka mezani.

"Dada, hii ina pancha. Nionyeshe iko wapi."

Karani aliigeuzageuza kwa ncha za vidole, akicheka kidogo, akasema haoni kitu.

"Basi ni nzima. Kaifunge kwenye gari lako."

Kicheko kikamkauka. Fundi akamweleza taratibu kwamba hata anayejifunza kazi leo hakagui tyubu ikiwa tupu. Anaijaza upepo kwanza, anaizamisha majini, na tundu linajitaja lenyewe. Yeye bega lake lilikaguliwa tupu.

"Baba, nakuelewa," karani alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi nimeletewa picha hii. Saini tu, uokoe kazi yako."

Hapo hasira zikampanda fundi. Bega likikatika kabisa mwezi ujao, wataitoa saini hiyo hiyo na kumwambia ulikubali mwenyewe. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umegoma tangu asubuhi, na penye nafasi ya saini akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: SIJAPIMWA. Akaomba nakala yenye mhuri.

Karani akasema hana ruhusa ya kugonga mhuri juu ya maneno kama hayo. Fundi akavuta kiti, akakaa, akamwambia amwite mwenye ruhusa, yeye hana haraka.

Nyuma yake, mama mmoja mwenye goti lililofungwa bendeji alikuwa ameshaichana bahasha yake ya picha. Alichechemea hadi mezani, akaibwaga picha mbele ya karani.

"Na langu je? Lilitiwa dawa, au nalo mlifuta?"