Ukuta wa Wasio na Kwao

Daktari wa meno alipostaafu, bidii yake yote aliihamishia kwenye picha za kale za watu asiowajua. Alizisaka minadani, kwenye maduka ya vikuukuu, kwenye studio zilizofungwa, hadi sebule ikajaa maharusi, askari na watoto waliofungwa vifungo mpaka kooni. Sharti lake lilikuwa moja tu: asiwepo mtu anayewatambua.

Fundi wa mapazia aliitwa hapo kupima madirisha. Alikwenda na mama yake mkubwa, mwenye mtoto wa jicho, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki yeye akiwa bado ananyonya. Picha ya mama hakuwahi kuiona. Zote ziliteketea na nyumba.

Mama mkubwa alipita ukutani, pua ikikaribia kugusa vioo, kisha akasimama.

"Njoo hapa. Huyu ndiye mama yako."

Fundi aliachia futi ikaanguka. Alimwona msichana ameketi, mkono shavuni, amebana midomo kama anayezuia kicheko. Alikuwa mdogo kuliko fundi mwenyewe sasa.

"Mkufu ule ni wangu," mama mkubwa alisema. "Nilimwazima siku hiyo akaupoteza. Nikamnunia mwezi mzima."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yao, anaandika kila neno daftarini. Alipomaliza akafunika kalamu.

"Mmeniharibia," alisema. "Miaka tisa ninaye, hana kwao."

"Basi nipe mimi, mzee wangu. Nitakushonea mapazia ya nyumba nzima bure."

Daktari alimtazama kidogo. "Haya. Shona, nitakupa picha."

Madirisha yalikuwa kumi na moja. Fundi alishona wiki tatu, akaweka kando nguo za wateja wengine, akawatangazia majirani kwamba mama yake anarudi nyumbani. Siku ya kutundika pazia la mwisho alikuta pale ukutani pana askari mwenye sharubu.

"Yuko wapi?"

"Nimebadilishana na mwenzangu wa ng'ambo. Kanipa mapacha." Daktari alisukuma kasha la viatu mezani. "Nilisema nitakupa picha, sikusema ipi. Chagua, humo wanawake tele."

"Huyo mwenzako anaitwa nani? Nimwandikie."

"Ukimwandikia atakujibu nini? Keshampa jina lingine." Akashika pazia jipya, akalikagua. "Pindo la upande huu limepanda."

Fundi angeweza kulirarua lile pazia. Aliwafikiria majirani, na mama mkubwa aliyekuwa akimwuliza kila asubuhi picha inakuja lini, akainama kwenye kasha. Alichagua msichana wa rika lilelile, ameketi, ana mkufu. Kisha akapanda ngazi, akalishusha pindo.

Nyumbani mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza puani.

"Nani huyu?"

"Mama."

"Siye."

Ukweli ulikuwa hapo hapo ulimini. Lakini aibu ya kuchezewa kama mtoto ilimzuia, na jirani mmoja alikuwa ameshaingia, anangoja zamu yake ya kutazama.

"Ndiye, mama. Wewe mwenyewe ulinionyesha."

"Mkufu huu siujui."

"Ulisema ni wako."

Mama mkubwa aliigeuzia picha dirishani, akaipangusa kwa ncha ya nguo, akaitazama tena.

"Basi akili imenitoka," alisema taratibu. "Nimemsahau mdogo wangu."

"Ni uzee tu," fundi akasema, akampa jirani ile picha.

Tangu siku ile mama mkubwa hakusimulia tena habari za mdogo wake. Fundi akimwuliza mama alichekaje, aliimba nini akimbembeleza, anageuza uso.

"Usiniulize mimi," anasema. "Nitakudanganya."