Kompyuta Iliyozimwa Mdomo

Binti alipanda ngazi za kwa mjomba wake alasiri ile na kompyuta mpya kwapani, kifua mbele, kama mtu aliyetoka kushinda kombe. Mjomba alikuwa palepale anapokuwa kila siku: kiti cha mbao, meza iliyobanwa ukutani, na chini ya meza kompyuta kuukuu iliyokoroma kama mzee mwenye mafua.

"Injinia wangu huyo," alisema mjomba, uso ukielekea mlangoni. "Nimesikia unavyohema tangu ngazi ya kwanza. Kwenye diploma hamkufundishwa mazoezi?"

Mjomba hakuwa akiona tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kutafsiri vitabu, na kompyuta ndiyo iliyomsomea kila neno, kwa sauti ya kiume iliyopitia puani. Sauti ile iliundwa na rafiki yake, ambaye sasa ni marehemu, aliyeifunza Kiswahili kidogo kidogo mpaka ikaacha kutamka kama mgeni. Kesho asubuhi mjomba alitakiwa kumpelekea mchapaji kitabu cha wakunga. Kilichobaki ni kusomewa chote mara ya mwisho, asije akampoteza mkunga kwa kosa lake.

"Saa moja tu, Mjomba, halafu utasomewa na mpya," binti alisema. "Zote mbili zinaendeshwa na Linux, haina makuu. Naiambia ile ya zamani iorodheshe programu zake zote, naipa mpya ile orodha, yenyewe inajipanga ifanane. Kinachopungua inaweka, kilichozidi inaondoa. Utahama bila kuhisi."

"Na yule mwenzako wa duka la kompyuta, si alisema tuweke nakala za akiba kwanza?"

"Yule mwoga. Anaweka akiba mpaka ya akiba."

Akaiweka mpya chini ya meza kando ya kuukuu, akavuta kiti, akaanza. Kila alichogusa, ile sauti ya puani ikakisoma: herufi, nukta, mstari.

"Mjomba, hili pua linanimaliza." Akazima spika.

"Mwache aseme. Mimi hanisumbui."

"Ananisumbua mimi."

Skrini ilikuwa moja, aliyokuja nayo, na kibodi ikachomekwa humo humo, maana mjomba skrini ya nini? Kwa hiyo akawa anahamisha waya, mara kompyuta hii, mara ile. Tena kwa kujionyesha, ile mpya alishaipa jina lilelile la kuukuu na mandhari ileile, ili mjomba asione tofauti, kama alivyotania mwenyewe. Simu ikalia. Akatoka kwenye korido, akacheka na rafiki yake hadi machozi. Aliporudi alikaa moja kwa moja kwenye kibodi bila kutazama waya uko wapi. Akatoa amri ya kwanza, orodha ikaingia kwenye flashi. Akapapasa chini ya meza, akahamisha waya na flashi, akatoa amri ya pili. Skrini ikauliza jambo refu. Akajibu ndiyo, huku akimsimulia mjomba jinsi bosi wake asivyoweza kufungua duka bila yeye.

Mistari ikaanza kukimbia. Inaondoa. Inaondoa. Inaondoa.

Kompyuta mpya haikuwa na cha kuondoa.

Akainama chini ya meza. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye ile inayokoroma. Orodha aliyoichukua ilikuwa ya kompyuta tupu, na kompyuta ya mjomba ilikuwa inatii, inajivua kila kitu ili ifanane na isiyo na kitu. Alipoisimamisha, sauti ilikuwa imeshaondoka.

"Mbona umenyamaza?" mjomba aliuliza.

"Inajipanga, Mjomba."

Alishukuru kwamba mjomba haoni uso wake. Kisha shukrani yenyewe ikamtia aibu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.

Akarudisha alichoweza kutoka ghala la programu la mtandaoni. Programu zilirudi moja moja, isipokuwa ile sauti, ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye ghala lolote. Ilikuja nyingine. Akawasha spika, akaipa mstari wa kitabu ijaribu: mkunga anawe mikono.

"Emu-kunga ana-weni maikono," ilisema.

Mjomba akaangua kicheko. "Huyu naye katoka wapi? Mpe maji anywe, halafu niitie mwenyewe."

Mkewe akauliza kutoka jikoni kama kazi imeisha. "Bado kidogo!" mjomba alimjibu. "Injinia yuko kazini!"

Hapo binti akashindwa kuendelea kuficha.

"Mwenyewe hayupo, Mjomba. Nimemfuta. Nilichukua orodha ya kompyuta siyo. Ilinionya, sikusoma. Kama nisingezima spika, ungelisikia hilo onyo kwa masikio yako. Na niliposema inajipanga, nilikudanganya."

Kicheko kilibaki kidogo usoni mwa mjomba, kisha kikaisha. Alipapasa meza, akaifikia spika, akaizima.

"Nakala ya sauti ile alikuwa nayo marehemu tu," alisema. Kisha akauliza, "Kitabu kipo?"

"Kipo. Mafaili hayakuguswa."

"Basi soma."

"Mimi?"

"Humu ndani kuna nani mwingine mwenye macho na hana kazi?"

Akasoma. Mwanzoni alisoma kama anayekimbizwa, mjomba akamzuia kwa kiganja. Alipomeza nukta, alirudishwa. Koo likamkauka ukurasa baada ya ukurasa, wala hakuomba maji. Kila mjomba aliposema "badilisha," alibadilisha, akamsomea tena kilivyokaa.

Kwenye sura ya mtoto mchanga akasoma: "Mkaushe mtoto vizuri. Mlaze kifuani pa mama." Mjomba alitikisa kichwa, ameridhika, akangoja mstari unaofuata. Binti akaona ameruka mmoja. Sentensi zilikuwa zimeungana vizuri, hakuna ambaye angejua, na mstari ule ungeenda kwa mchapaji bila mjomba kuusikia.

"Nimeruka mstari, Mjomba."

"Upi?"

"Wa kumfunika mtoto."

"Rudi mwanzo wa ukurasa," alisema mjomba. "Anza upya."