Jozi Iliyobaki

Kwa Mama Sundus viatu vilibaki mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba ile, na watoto waliijua kabla ya kujua choo kiko wapi. Vya wadogo viliwekwa chini ya radieta, chuma cha kupasha nyumba joto. Vya watoto wa shule vilipangwa mbele ya kabati la mita ya gesi, na siku za mvua alivitandikia gazeti.

Jina lake hasa ni Mardhiya, mzaliwa wa Wete, Pemba. Mwaka ule wa 1998 alikuwa ametimiza miaka minane Rayners Lane, London, katika nyumba ya kaunsili, serikali ya mtaa, ya ghorofa ya chini yenye ua mdogo nyuma. Mumewe alikuwa akipanga trei za chakula cha abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Yeye alilea watoto wa watu. Alianza na mmoja, mtoto wa jirani aliyepata kazi ghafla. Wa pili alikuja kwa sababu ya wa kwanza. Hakuna siku aliyokaa akaamua kuwa na wengi.

Idadi yao hakuijua. Si kwamba hakuweza kuhesabu, hakutaka. Kwao watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi, unasema Mungu amejaalia, unabadilisha mazungumzo, kwa sababu anayetaja idadi ya watoto huwaitia kijicho. Mamake hakuwahi kuitaja idadi ya wanawe, hata kwa mkunga. Mardhiya alikuwa akiwatazama usoni tu, mmoja mmoja, mpaka moyo wake utulie.

Aliyemletea hesabu nyumbani ni Bi Vasanti, jirani wa ukuta mmoja, Mhindi wa Kisumu aliyehamia London mwaka wa sitini na nane. Siku moja alirudi kutoka maktaba na karatasi ya kaunsili ya sheria za kulea watoto nyumbani, akaisoma amesimama jikoni kwa Mardhiya, miwani kwenye ncha ya pua.

"Sikiza, dada. Chini ya miaka minane, sita tu. Katika hao sita, chini ya mitano, watatu tu. Na mtoto yako mwenyewe iko ndani ya hesabu. Na lazima uandikishwe."

"Wadogo ni hao watatu tu," Mardhiya alisema. "Wa shule si wa kulea. Wanapita tu, wanakula, mama zao wanawachukua."

"Wanapita saa tisa na nusu mpaka saa kumi na mbili? Hiyo kupita gani?"

"Wameshalelewa na mwalimu kutwa."

"Karatasi haijui mwalimu," Bi Vasanti alisema, akaiweka juu ya friji.

Ilikaa pale. Lakini tangu siku hiyo Mardhiya aliutazama mlango kwa jicho jingine. Aliwafundisha watoto wa shule jambo moja: wakisikia mwiko umegonga sufuria mara tatu, watoke kwa mlango wa jikoni, wapite penye ubao uliong'oka wa uzio, waingie kwa Bi Vasanti. Na wasitoke huko mpaka yeye mwenyewe amwite kila mmoja kwa jina lake. Hili la jina alilisisitiza, kwa sababu siku ya kwanza ya kujaribu, mmoja alichungulia mapema. Sundus, binti yake wa miaka sita, aliuliza kwa Kiingereza kama huu ni mchezo. Mama yake akasema ndiyo.

Karibu na wakati huo ndipo alipoanza kumshuku Sidonie.

Sidonie alikuwa Mkongo wa Uvira, mwembamba, asiyecheka haraka. Asubuhi alisafisha ofisi za watu, na alimwacha kwa Mardhiya binti yake wa miaka mitatu, Miradie. Wazazi wengine walipokuja kuchukua watoto walisimama kizingitini, wakapiga soga. Sidonie alisimama kimya, akatazama chini, midomo ikimchezacheza. Kisha alitoa kwenye mkoba kijidaftari cha jalada la buluu, akaandika kitu, akakirudisha.

Mara ya kwanza Mardhiya alidhani ni orodha ya vitu vya dukani. Mara ya tatu alifuata macho yake, akaona yanakotua. Yalitua kwenye viatu.

"Yule anahesabu," alimwambia Bi Vasanti uani.

"Anahesabu nini?"

"Watoto wa watu. Kupitia viatu. Na anaandika."

Bi Vasanti alivuta shali. "Anaenda Croydon kila mara, si ndiyo? Kwa jumba ile ya uhamiaji. Watu wanasema huko ukingoja karatasi yako, wanakuuliza habari ya wengine."

"Watu wanasema mengi."

"Mimi sijasema ni kweli. Nimesema watu wanasema."

Mardhiya hakupenda kumhukumu mtu kwa maneno ya uani. Alijiambia asubiri aone. Lakini kusubiri kwenyewe kulimchosha. Kila Sidonie alipopiga kengele, alijikuta anavisukuma viatu kwa mguu chini ya kabati, na kila mara vingine vilichungulia.

Jumanne moja ya Novemba, saa kumi na dakika chache, giza limeshaanza kuingia, kengele ililia. Haikuwa saa ya mzazi yeyote. Mardhiya alichungulia kwenye tundu la mlango. Mwanamume, koti la mvua, kadi ya picha shingoni, ubao wa kuandikia mkononi.

Kaunsili, alijiambia. Alirudi jikoni, akachukua mwiko, akagonga sufuria mara tatu.

Watoto wa shule walimwagika kama maji, soksi zikateleza sakafuni, mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa. Sundus alikuwa wa kwanza. Protas, mtoto wa Placida, alikuwa wa mwisho. Alikuwa mtoto wa kufuata, aliyemaliza chakula hata kama hakukipenda. Sebuleni walibaki Miradie na mapacha wadogo wa mama mwingine, Armelle. Watatu. Karatasi ya juu ya friji ingeridhika.

Alifungua mlango.

"Mita ya gesi, mama," yule mtu alisema kwa Kiingereza. Kisha alisikia Mardhiya akinong'ona "Allahu akbar, jamani," akacheka. "Ala! Wewe wa Mombasa?"

"Pemba."

"Mimi Tarsem. Southall sasa, lakini Nakuru zamani." Alifungua kabati, ikabidi avisogeze viatu kwa mikono miwili, jozi baada ya jozi. Alitazama sebuleni, akawaona wale watatu, akatazama tena viatu. "Hapa ni nyumba ama msikiti?"

"Watoto wana viatu vingi siku hizi," Mardhiya alisema.

"Na miguu mingi," Tarsem alisema. Alisoma namba, akaiandika, akaenda zake anapiga mluzi.

Mardhiya alikaa chini kwenye mkeka na kucheka peke yake, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Hakutoka kwenda uani. Alipaza sauti dirishani: "Bi Vasanti! Kwisha! Ni mtu wa mita!"

Akasikia sauti ya Bi Vasanti ng'ambo ya uzio: "Haya, nyote! Rudi, rudi, rudi!"

Wakarudi mbio, wakicheka, soksi zimelowa. Mardhiya akawagawia mandazi. Nyuso zilikuwa nyingi na mikono ilikuwa mingi. Hakuzitazama moja moja. Moyo wake ulikuwa umeshatulia kwa jambo jingine.

Saa kumi na moja Sidonie alikuja. Alimvalisha Miradie koti, akasimama, akatazama chini. Midomo ikacheza. Kisha akatazama sebuleni. Akarudia viatu.

Mardhiya alimsogelea. "Mama Miradie, leo unatafuta nini hapo?"

"Mama Sundus, samahani." Sauti ya Sidonie ilikuwa ndogo. "Ile viatu ni mingi kupita watoto."

"Watoto wa watu hawahesabiwi!"

"Basi hesabu viatu, mama."

"Nikuhesabie ukaandike? Ukapeleke Croydon?"

Sidonie alimtazama kama hakuelewa, kisha kama ameelewa. Alisema tu, "Mwite kila mtoto, avae yake. Sasa hivi, tafazali."

Kulikuwa na kitu katika ule uso kilichomfanya Mardhiya atii. Aliita. Sundus akavaa. Watoto wa mama mwingine, Mumbi, wakavaa. Kila mtoto alichukua viatu vyake akasogea pembeni, na sakafu ikawa inabaki wazi polepole, mpaka ikabaki jozi moja: viatu vyeusi vya shule, kamba za kijani, kisigino cha kushoto kimelika.

"Protas," Sundus alisema.

Walimtafuta bafuni, chini ya vitanda, kwa Bi Vasanti mpaka ndani ya kabati la nguo. Bi Vasanti alishika mashavu. "Mimi niliita wote. Wote walirudi. Mimi niliita wote!"

Mardhiya alitoka uani bila viatu. Majani yalikuwa baridi kama chuma. Alifikiria lango la pembeni, barabara, magari yanayotoka stesheni saa hiyo. Alifikiria Placida, aliyekuwa akiwalisha wazee wa watu kwa kijiko wakati huo, akijua mwanawe yuko salama.

"Uliwaambiaje warudi?" Sidonie aliuliza nyuma yake.

"Niliwaambia..." Akaugeukia uzio. Ndipo alipokumbuka alichowaambia. "Protas!" aliita. "Protas, mwanangu! Nakuita mimi, Mama Sundus! Protas!"

Kibanda cha bustani cha Bi Vasanti kiligongwa kwa ndani. Mlango wake ulikuwa mzito, wa kuvuta. Walimkuta amechuchumaa nyuma ya baiskeli, soksi zimeloa, midomo imebadilika rangi. Alisema kwa Kiingereza kwamba alikuta mlango wa nyumba umeshafungwa, akajificha humo, na hakusogea hata kidogo. Akauliza kama ameshinda.

Mardhiya alimbeba mpaka ndani, akamvua soksi, akaishika miguu yake kati ya mapaja yake. Sidonie alichemsha maziwa bila kuulizwa sufuria iko wapi. Kisha alitoa kijidaftari cha buluu, akakiweka mkekani.

"Soma."

Yalikuwa majina ya watoto. Kila siku ukurasa wake, kila jina na alama mbili za mstari: moja ya viatu, moja ya mtoto mwenyewe.

"Wakati tulitoka Uvira kwa miguu, tulikuwa wengi," Sidonie alisema. "Kila mtu alisema, wako nyuma, wanakuja. Mimi nilihesabu tu wakati tulifika Baraka, mji wa mbele. Nilihesabu nimechelewa." Alimkorogea Protas maziwa. "Tangu siku ile, naingia nyumba, nahesabu. Siwezi kuacha. Chukua. Ukitaka, choma."

Mardhiya alifunua kurasa kwa kidole. Kama karatasi ile ingemfikia mtu wa kaunsili, isingehitaji shahidi mwingine. Hakuichoma. Kwa mara ya kwanza alifuata majina kwa kidole na kuyahesabu kwa sauti, polepole, na mkono wake wa kushoto haukuuacha mguu wa Protas. Kumi na mmoja.

Placida alikuja saa kumi na mbili, bado na sare ya kazini chini ya koti. Mardhiya alimngoja kizingitini.

"Dada Placida, kabla hujaingia. Leo mwanao alikuwa nje, kwenye baridi, karibu saa nzima. Sikujua. Nilimficha, nikasahau kumwita."

"Ulimficha nani asimwone?"

"Kaunsili. Nilidhani ni kaunsili. Nilikuwa na wengi mno."

Placida alipita, akapiga magoti, akavifunga yeye mwenyewe viatu vya mwanawe, kamba moja, kisha nyingine, kwa mafundo mawili. Aliuliza tu, "Miguu ina joto?" Protas akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka. Placida hakumleta tena kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Ijumaa Mardhiya alivaa baibui jipya, akachukua karatasi ya juu ya friji na kijidaftari cha buluu, akapanda basi mpaka ofisi ya kaunsili. Bi Vasanti alikwenda naye kumsomea fomu.

Wazazi aliowaambia hana nafasi tena walikasirika. Mmoja, mama wa watoto wawili wa shule, alimwambia mlangoni bila kificho: "Tunajua ni yule Mkongo aliyekuchongea. Mtu wa kuandika viatu vya watu! Na bado wa kwake umembakiza."

"Aliyekwenda kaunsili ni mimi."

"Unamkingia."

"Nilikwenda kwa miguu yangu. Muulize Bi Vasanti."

Yule mama aliguna. Ilionekana hakusadiki, na Mardhiya aliona kwamba hangesadiki hata akiapishwa. Alifunga mlango taratibu. Sidonie alikuwa ameshafika kumchukua Miradie, amesimama kando ya kabati la mita, na bila shaka alikuwa amesikia kila neno.

"Ngapi leo?" Mardhiya alimuuliza.

Sidonie alitazama chini. "Sita."

Mardhiya akatazama naye, akaanza upya kutoka kwenye radieta, jozi ya kwanza.